Kamera ya kutega ya wawindaji wa Wisconsin, kazini kwenye leleshwa ya Gilgil

Kasha lake limechorwa dume la kulungu wa Marekani, yule mwenye mkia mweupe, pembe zimetanda matawi kibao na jicho limekodoa kana kwamba kuna mtu amekohoa nyuma ya mti. Ndani utakuta kamera ya plastiki inayojipiga yenyewe mnyama akipita, iliyopakwa rangi za majani makavu, mkanda wa kuifunga mtini, waya wa kompyuta, na kijitabu ambacho mwanzo hadi mwisho kinakuchukulia kuwa mwindaji. Mimi siwindi. Naendesha ekari mia nne na ushei za familia yetu kati ya Gilgil na Elmenteita, nusu yake vichaka vya leleshwa na mawe, nusu nyasi za ng'ombe, na wanyamapori wanaingia na kutoka wapendavyo kwa sababu ua wetu upande wa bondeni ni wa nyaya tano na wao kuruka wanajua. Nilipotaka kununua nilitafuta maoni ya mtu wa huku aliyewahi kuzitumia. Nikapata Wamarekani watupu, wanabishana juu ya pembe. Basi haya ndiyo maoni niliyoyatafuta nikayakosa.

Nimetumia nne. Mbili alinitumia shemeji yangu anayeishi Wisconsin, Marekani, ni za kampuni inayojulikana kule. Mbili nilinunua Nairobi kwa mtandao, shilingi elfu nane na mia tano kila moja, zikaja Gilgil kwa parseli ya matatu. Hizi za Nairobi ni zile zinazotoka China na kuuzwa kwa majina kumi, sura ileile, kwa hiyo jina lisikusumbue. Angalia mlango, angalia taa, angalia pale panapoingia betri. Nitaeleza.

Kwanza inafaa ujue kwa nini kifaa hiki kiko jinsi kilivyo, maana nusu ya malalamiko utakayosoma mtandaoni ni ya watu wasiojua kilitengenezewa kazi gani.

Mwajiri wa shemeji ana ng'ombe wa maziwa, na nyuma ya zizi ana msitu anaoutunza kuliko anavyomtunza mkewe (maneno ya shemeji, si yangu). Msitu ule ni wa kulungu. Anachotaka ni dume lenye pembe kubwa, na kule pembe kubwa hawaiachii bahati. Wanasema inatokana na umri, chakula na ukoo, na katika hayo matatu mwenye shamba ana nguvu juu ya mawili ya kwanza tu. Dume la mwaka mmoja na nusu lina vipembe vyembamba. Ukiliacha lifike miaka mitano, sita, ndipo pembe zinakaribia ukubwa wake wa mwisho. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtu mwenye bunduki ni kuliacha dume changa lipite, kazi ambayo shemeji anasema inawashinda watu wazima na akili zao. Kisha wanapunguza majike, kwa sababu kulungu wakizidi wanamaliza miche yote na msitu unabaki wa miti mizee isiyo na watoto. Kisha wanapanda vipande vidogo vya chakula humohumo msituni: klova, soya, na mimea ya ukoo wa sukuma wiki. Ndiyo, kule kulungu analimiwa sukuma. Wanaangusha miti michache ili jua lifike chini na vichaka viote, na sehemu moja ya msitu wanaiacha bila mtu kuikanyaga kabisa.

Mambo haya wameyaundia hadi chama, kilichoanzia South Carolina mwaka 1988, na pembe zenyewe zinapimwa kwa kanuni za Boone and Crockett, klabu iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake. Ni Roosevelt huyohuyo aliyekuja kuwinda huku kwetu mwaka 1909 na kufika mpaka Naivasha. Kulungu wa pembe za mpangilio wa kawaida haingii kwenye daftari lao la kudumu mpaka afikishe alama 170, na alama hizo ni inchi za pembe zikijumlishwa.

Sasa kamera. Mwenye msitu wa Wisconsin anatega moja kwa kila ekari mia hivi, anaziacha kama wiki mbili, halafu anakaa mezani na picha. Madume anayatambua mmoja mmoja kwa pembe. Majike hayana pembe, kwa hiyo anayahesabu kwa uwiano na madume aliyokwisha kuyatambua. Watoto vivyo hivyo. Akimaliza anajua ana madume mangapi, majike mangapi, na katika kila majike kumi ni wangapi wanaotembea na mtoto. Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayomwambia kama shamba lake linalisha au linadanganya.

Niliposikia hilo ndipo nilipoitaka kamera.

Maana huku mambo ya kutundika pembe ukutani hayapo. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, biashara ya nyara ikafuata mwaka uliofuata, na mnyama akiwa juu ya nyasi zako bado si wako. Kaka zangu wananiuliza kila Krismasi swala wanatuletea nini mezani, na jibu la kisheria ni: hakuna. Lakini swali la uwiano, la nani ana mtoto na mtoto amefika wapi, linafaa hapa kama linavyofaa kule. Swala wakinenepa na kulea, ng'ombe wangu nao wana nyasi. Swala wakianza kuonyesha mbavu mapema, mimi bado nina muda wa kuuza madume wachache wa ng'ombe kabla bei ya Gilgil haijaanguka.

Jambo moja linatupendelea sisi. Kulungu wa mkia mweupe anaangusha pembe zake kila mwaka, kati ya Januari na Machi hivi, na zinaota nyingine kuanzia Aprili zikiwa zimevikwa ngozi laini, mpaka Septemba anapozisugua mitini zikabaki mfupa mtupu. Mwaka kwa mwaka dume lilelile linakuja na sura nyingine. Afrika yote chini ya Sahara haina kulungu wa ukoo huo hata mmoja. Tulio nao sisi ni swala pala, swala tomi, kuro kule kwenye majimaji, dikidiki, na pofu wanaopita. Pembe za hawa ni mfupa uliovalia ala, hazianguki. Dume letu moja la swala pala lina ncha ya kushoto iliyovunjika, na kila nikiliona kwenye picha najua ni lilelile, msimu baada ya msimu. Mmarekani hana raha hiyo. Tatizo ni swala tomi, ambao majike yao pia yana vipembe, vifupi na vyembamba. Kwenye picha ya usiku ya mbali dume changa na jike vinaweza kukukosanisha na mzee wetu anayechunga ng'ombe asubuhi nzima.

Haya, kifaa chenyewe.

Kihisi chake kinafanya kazi kwa joto. Kinatazama eneo lililo mbele yake, na kitu chenye joto tofauti na mandhari kikisogea, kinapiga. Kule Wisconsin, ambako baridi inagandisha maziwa ndani ya ndoo, kulungu mwenye damu moto anaonekana kwa mbali. Hapa, mchana wa Februari, jiwe la Elmenteita lina joto sawa na ubavu wa swala au kulizidi. Kuanzia saa tano hadi saa tisa kamera zote nne zinakuwa nusu vipofu. Kundi zima lilipita mbele ya moja nikiliangalia kwa macho yangu kutoka kwenye gari, na kadi ikatoka na picha ya mkia mmoja. Usiirudishe dukani kwa ajili hiyo. Itege mahali penye kivuli cha mgunga, na hesabu yako ifanye kwa picha za alfajiri na jioni.

Isitazame mashariki wala magharibi, jua litaijaza upuuzi. Isitazamane na nyasi ndefu. Upepo ukivuma na jua likiwaka, nyasi zinapunga na kamera inapiga nyasi mpaka kadi inajaa. Mzee wetu sasa anatembea na panga na kusafisha hatua kumi mbele ya kila moja kabla hatujaiwasha. Na usiitege kukata njia ya wanyama, itege iitazame njia kwa mshazari, mnyama awe anaijia au anaiacha. Hizi za Nairobi zinajitangaza kuwa zinapiga ndani ya sekunde 0.2. Labda kwenye karatasi. Ukizitega kukata njia utakusanya makalio.

Kijitabu kinasema ifungwe usawa wa kiuno. Kwa swala pala ushauri huo unafaa, kwa sababu mabega yake na ya kulungu yule yanakaribiana. Dikidiki ataipita chini kama hayupo. Kwa dikidiki shusha hadi magotini.

Usiku ndipo bei inapojionyesha. Kuna taa za aina mbili. Zile za 850 (ni nanomita, kipimo cha wimbi la mwanga) zinatoa picha nzuri, za mbali, lakini ukiwa mbele yake unaona vidoa vyekundu hafifu. Zile za 940 hazionekani kabisa, ila picha ni nyeusi zaidi na baada ya mita kumi na tano hivi unaona macho tu yakielea. Za Wisconsin ni 940, za Nairobi ni 850 ingawa kasha linasema vingine. Wanyama hawajali sana. Anayejali ni binadamu, na nitafika kwake.

Megapikseli zilizoandikwa kwenye kasha, sahau. Ni picha ndogo iliyovutwa ikawa kubwa, inakula kadi bure. Weka kiwango cha chini na hutaona tofauti yoyote.

Betri ni ndogo nane, za rimoti. Hapa ndipo pesa yako itakapoliwa, kuliko bei ya kamera. Zile za kibandani za shilingi hamsini mbili hazimalizi wiki kwa picha za usiku. Za kuchaji zinasemekana kuwa akiba, lakini kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kamera inadhani zimekwisha wakati bado zina uhai. Ya Nairobi ilizikataa kabisa. Za lithiamu ni ghali, na ndizo nilizobaki nazo, zinakaa miezi. Piga hesabu ya seti mbili kabla hujasema kamera ni rahisi.

Kadi nayo. Duka moja la mtandaoni, ambalo sitalitaja, liliniuzia kamera pamoja na memori kadi ya "zawadi" iliyoandikwa GB 128. Ilikuwa na nafasi ya nane. Kadi za namna hii hazikatai kujaa, zinaandika picha mpya juu ya zile za zamani au zinazivuruga zikawa vipande vya kijivu. Picha zote za mvua ndefu za kamera ile zilipotea hivyo. Nilipopiga simu kijana akaniambia, "Madam, hiyo ilikuwa zawadi." Nunua kadi yako ya GB 32 dukani kwa mtu unayemwona, iandae ndani ya kamera yenyewe kabla ya kuitumia, na ijaze mara moja nyumbani uone kama inatoa ulichoiwekea.

Sasa nyani. Gilgil ina nyani wenye historia: mwanasayansi Shirley Strum alianza kuwachunguza wa ranchi ya Kekopey mwaka 1972, na mwaka 1984 baadhi ya makundi yalihamishiwa Laikipia kwa sababu yalikuwa yamegeuza mashamba ya watu kuwa soko. Waliobaki walirithi udadisi wote. Kamera yoyote mpya inakaguliwa. Nina mfululizo wa picha wa asubuhi moja unaoanza na ukungu wa kawaida, kisha pua, kisha tundu moja la pua, kisha meno ya chini yenye kitu cha kijani kati yake, kisha kiganja, kisha mawingu, mawingu, mawingu. Tuliikuta chini ya mgunga ikiwa chali, mkanda umetafunwa, inaendelea kupiga anga kwa uaminifu. Ile ilikuwa ya Nairobi na ilipona, lazima niseme. Mkanda wa kitambaa achana nao. Fundi wa kuchomea pale karibu na stendi alinitengenezea vikasha vya bati nene vyenye tundu mbele, vinafungwa kwa nati nyuma ya mti, shilingi elfu moja na mia mbili kila kimoja, na tangu hapo nyani wanagonga tu kisha wanaondoka. Fisi naye aliwahi kuuma kona ya kimoja. Alama za meno zipo, kamera haijui.

Adui mdogo ni sisimizi. Wanaingilia tundu la spika chini ya mlango, na ukifungua unakuta mayai meupe yametandazwa juu ya betri, pale penye joto. Za Wisconsin zina mpira mzuri kwenye mlango, hawaingii. Za Nairobi paka gundi ya silikoni kwenye lile tundu, sauti yake huihitaji. Mvua haijawahi kuingia kwenye yoyote.

Mengine ya menyu nayapita haraka. Joto linakuja kwa farenhaiti, libadilishe. Kila picha inagongwa muhuri wa umbo la mwezi, kwa kuwa wawindaji wanaamini mwezi una neno na kulungu. Mwezi niliudharau mpaka mzee wetu aliponionyesha kwamba punda milia wanakuja birikani usiku wa giza kwa kuchelewa kuliko usiku wa mwezi. Anasema alikuwa anajua. Anasema kila kitu kwenye kamera alikuwa anajua, na kwa kweli mara nyingi ni kweli, ila yeye hawezi kuwa mahali pane kwa wakati mmoja.

Zimenionyesha nini, maana ndicho unachonunua?

Birikani: ng'ombe wanakunywa mchana, wanyama wa mwituni wanaanza saa mbili usiku. Tulikuwa tunafunga maji jioni ili kubana matumizi. Sasa hatufungi.

Kwenye josho la zamani, lile la enzi za babu ambalo halina dawa wala maji, kuna kipande cha udongo mweupe pembeni. Sikuwahi kukitilia maanani. Kamera ilionyesha majike ya swala pala yakishuka pale alfajiri moja baada ya jingine, yanapiga goti la mbele, yanaramba udongo, mengine matumbo yakiwa makubwa. Picha moja iko karibu hivi kwamba unaona ulimi umepinda na vumbi limeshika kwenye ndevu za kidevuni. Ni chumvi iliyobaki pale ng'ombe walipokuwa wanalambishwa miaka mingi.

Wazo langu likawa la haraka: niweke mawe ya chumvi mbele ya kila kamera, hesabu iwe rahisi. Ndivyo wafanyavyo wengi Marekani, kwa mahindi au kwa madini. Nikampigia shemeji. Akasema, "Shem, ngoja kwanza." Kule kuna ugonjwa unaomkondesha kulungu hadi kufa huku ubongo ukitoboka. Ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, ukagunduliwa Wisconsin mwaka 2002. Hauletwi na bakteria wala virusi, ni protini iliyopinda, inatoka kwa mate na mkojo na kukaa udongoni miaka. Mahali wanapokutania midomo ndipo panapoenezea, na katika kaunti nyingi za Wisconsin ni marufuku kuwawekea kulungu chakula. Ugonjwa ule ni wa ukoo wa kulungu, swala wetu hawamo. Lakini sisi tuna kimeta, ambacho mbegu zake nazo hazifi udongoni, na mwaka 2015 kiliua nyati wengi ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, karibu kabisa na hapa. Tuna pia ugonjwa wa miguu na midomo. Kuwakusanya swala na ng'ombe kwenye jiwe moja la chumvi kwa ajili ya picha, hapana. Kamera zinakaa pale wanyama walipopachagua wenyewe, na ng'ombe wanachanjwa.

Leleshwa: hii ndiyo ninayojivunia. Ng'ombe hawaili, inashika ardhi na nyasi chini yake zinapungua. Kaka yangu mkubwa alitaka yote iwe makaa. Nikamwomba kipande cha ekari tatu tu, kikatwe vipande kwa vipande, si kufyeka, kwa mtindo ule wa msitu wa Wisconsin. Kamera ilikuwepo kabla na baada. Kabla, picha ni dikidiki na kware. Baada ya mvua nyasi zikatoka, na swala pala wakaingia wiki kadhaa kabla sisi hatujathubutu kupeleka ng'ombe, wakila nyasi changa mchana na kurudi kwenye leleshwa iliyobaki kujificha. Visiki vinachipua tena, hilo jueni, si kazi ya mara moja. Ila majike waliokuja pale walikuja na watoto, na watoto wale niliwaona tena wakiwa na vipembe. Sehemu ya shamba inayotazama barabara, ambako mbwa wa makazi wanapita usiku (na kamera imewanasa, kundi lenye kiongozi mwenye kola nyekundu), majike wanaonekana na tumbo, kisha wanaonekana bila tumbo, na mtoto haonekani kamwe. Nimezungumza na majirani kuhusu mbwa. Mazungumzo yanaendelea.

Na binadamu. Kwenye njia ya bondeni tulipata jike la swala tomi lenye waya shingoni, kipande cha waya wa ua, na siku hiyohiyo tukatembea tukaokota mitego mingine. Kamera ya 850 iliyokuwa pale ilikuwa imeibwa, labda kwa vile vidoa vyekundu. Ya 940 iliyofichwa juu zaidi ikatoa picha ya miguu na tochi, hakuna sura. Kama lengo lako ni majangili, nunua za taa zisizoonekana na uzitege juu ya kichwa zikitazama chini. Kama ni kuhesabu swala, za Nairobi zinatosha na chenji unabaki nayo. Ukikuta mnyama mwenye waya usijaribu mwenyewe, piga simu KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Yule jike alitibiwa.

Upande mwingine wa hilo ni kwamba kamera haijui jangili ni nani na mama anayekata kuni ni nani. Akina mama wa ng'ambo ya barabara wana njia yao ya kuni tangu nikiwa mtoto, na haikuwa haki wajikute kwenye kompyuta yangu. Sheria ya ulinzi wa data ipo tangu 2019 na hata isingekuwepo, ni ujirani. Nikaenda kanisani, nikatangaza, nikaonyesha kamera yenyewe na mahali zilipo zile za njia za watu. Picha zao nafuta. Watoto sasa wanasimama mbele yake kupunga mkono wakitoka shule, na kuna mmoja anayeniletea daftari lake la hesabu kwa lenzi, ukurasa wenye alama nzuri tu.

Zile za kutuma picha kwa laini ya simu sikuchukua. Shemeji alisema za kwao nyingi zimefungwa kwa mitandao ya kule, na bonde letu lenyewe mtandao unategemea umesimama kwenye jiwe gani.

Ukienda kununua, nenda na betri zako na kadi yako. Ifungue mbele ya muuzaji, iwashe, ifunike lenzi kwa mkono kwenye chumba cha giza kisha sogea mbele yake: ukiona nukta nyekundu, ni 850, hata kasha liseme nini, na bei ishuke. Jaribu mlango mara tano, kile kishikio cha plastiki ndicho kinachovunjika kwanza. Dhamana ya mwaka mmoja iandikwe kwenye risiti, na namba ya M-Pesa iwe ya duka, si ya kijana. Za Nairobi nazipa tatu na nusu kwa tano, za Wisconsin nne, moja inayokatwa ni ya kijitabu. Naagiza mbili zaidi kabla ya mvua za Aprili, za 940, na fundi wa stendi ameshaniambia bati limepanda.